Kampuni ya Uingereza: Piga Hesabu ya Mwaka wa Pili Kwanza

Ukitaka kusajili kampuni Uingereza huku ukiishi Arusha, Mombasa au Kampala, sheria ya kule haikuzuii. Si lazima uwe raia wala mkazi, si lazima umtafute mwenyeji wa kushika hisa pamoja nawe, na si lazima ukanyage London. Mkurugenzi mmoja anatosha, na huyohuyo anaweza kuwa mwanahisa pekee. Mtaji unaweza kuwa hisa moja ya pauni 1. Maombi hutumwa mtandaoni, na kwa kawaida hati ya usajili hutoka ndani ya saa 24. Mawakala wanaoinadi huduma hii mitandaoni hawasemi uongo wanapokuambia ni rahisi. Wanachoacha kusema ni kwamba urahisi huo ni wa siku moja. Karibu kila sharti unalolitimiza siku ya usajili ni ahadi utakayotakiwa kuirudia, kuithibitisha au kuilipia kila mwaka maadamu kampuni iko hai, na ahadi hizo zinakubana wewe mkurugenzi popote ulipo. Kwa hiyo, kabla ya kuuliza kampuni inasajiliwaje, jiulize kama mwaka wa pili utaweza kuibeba. Mwongozo huu unapitia masharti ya sheria kwa jicho hilo.

Kwa nini mlango uko wazi

Uingereza ilianzisha daftari la makampuni mwaka 1844, na mwaka 1855 wanahisa wakapewa kinga ya dhima yenye kikomo: kampuni ikishindwa kulipa madeni, mwanahisa hupoteza alichoweka au alichoahidi kuweka, basi. Kinga hiyo ilijaribiwa katika kesi ambayo kila mwanafunzi wa sheria Afrika Mashariki huisoma. Aron Salomon, mtengenezaji wa viatu wa London, aliigeuza biashara yake kuwa kampuni mwaka 1892. Hisa zilizotolewa zilikuwa 20,007. Yeye alichukua 20,001, na sita zilizobaki wakapewa mkewe na watoto wake watano, kila mmoja moja. Kampuni ilipofilisika, ilidaiwa kwamba kampuni na Salomon ni kitu kimoja, hivyo yeye ndiye alipe. Mwaka 1896 Nyumba ya Mabwana ilikataa: maadamu kampuni imesajiliwa kwa kufuata sheria, ni mtu mwingine kabisa mbele ya sheria, na madeni yake si madeni ya mwenye hisa. Kanuni hiyo ndiyo inayofuatwa hadi leo na mahakama za Kenya, Tanzania na Uganda.

Wengi huishia hapo, na kuiacha nusu ya pili ya makubaliano. Sheria ilitoa kinga hiyo kwa bei, na bei yenyewe ni uwazi. Anayeiuzia kampuni bidhaa kwa mkopo hawezi kukufuata wewe nyumbani kwako, basi angalau aweze kujua kampuni ni ya nani, barua ya madai ipelekwe wapi, na hesabu zake zikoje. Ndiyo maana daftari la Companies House, ofisi ya msajili wa makampuni, liko wazi bure kwa mtu yeyote mwenye intaneti. Andika jina la kampuni, utaona majina ya wakurugenzi, mwezi na mwaka waliozaliwa, uraia wao, nchi wanayoishi, hesabu walizowasilisha na kama wamechelewa. Mteja wako wa Manchester atauangalia ukurasa huo kabla hajakutumia oda ya kwanza. Benki itauangalia pia.

Kwa muda mrefu upande huo wa uwazi ulilegea. Msajili alipokea alichoandikiwa bila kukihakiki, ada ilikuwa pauni 12 tu, na daftari lenye makampuni zaidi ya milioni 5 likajaa anwani za kubuni na wakurugenzi wasiokuwepo. Bunge likajibu kwa sheria mpya ya mwaka 2023 kuhusu uhalifu wa kiuchumi na uwazi wa makampuni, iliyompa msajili mamlaka ya kuhoji, kukataa na kufuta taarifa. Masharti yake yalianza kutumika kwa awamu kuanzia tarehe 4 Machi 2024. Ada ya usajili wa mtandaoni ilipanda hadi pauni 50 mwezi Mei mwaka huo, kisha pauni 100 kuanzia Februari 2026. Hii ina maana moja ya moja kwa moja kwako: maelekezo yoyote yaliyoandikwa kabla ya Machi 2024, yawe ya wakala au ya rafiki aliyekutangulia, yamepitwa na wakati.

Fomu inakuuliza nini hasa

Sheria mama ni Sheria ya Makampuni ya mwaka 2006, na maswali yake yanaanza na jina. Jina la kampuni binafsi yenye hisa huishia na neno “Limited” au kifupi chake “Ltd”. Haliruhusiwi kufanana na lililokwisha kusajiliwa, na maneno yanayodokeza hadhi au shughuli inayosimamiwa, kama benki, chuo kikuu au ufalme, yanahitaji idhini. Jina kupita kwa msajili hakukupi haki ya alama ya biashara. Mwenye alama iliyosajiliwa anaweza kukutaka ulibadilishe hata baada ya hati kutoka, kwa hiyo tafuta katika daftari la alama za biashara pia. Pamoja na jina unachagua nambari ya tarakimu 5 inayoeleza aina ya biashara. Usiichague kwa kubahatisha. Benki huisoma, na kampuni iliyojitambulisha kama ya programu za kompyuta huku akaunti yake ikipokea malipo ya kahawa itaulizwa maswali.

Swali la pili ni anwani, na hapa ndipo wengi hunaswa. Ofisi iliyosajiliwa lazima iwe katika sehemu ya Uingereza uliyosajili: ukisajili kwa England na Wales, huwezi kuweka ofisi Scotland wala kuihamishia huko baadaye. Tangu Machi 2024, sanduku la posta peke yake halikubaliki. Anwani lazima iwe mahali ambapo barua ikiletwa itamfikia mtu anayeiwakilisha kampuni, na ambapo mpokeaji anaweza kutia saini ya kupokea. Kampuni ya kukodisha anwani inaweza kukidhi sharti hilo, ila ni lazima iwe inapokea na kukutumia barua kwa kweli, na kodi yake hulipwa kila mwaka. Usipolipa, mwenye anwani atamwarifu msajili kwamba humo hukai. Msajili ataihamishia kampuni yako kwenye anwani yake mwenyewe ya muda, na usipoleta anwani halali kwa wakati, njia ya kufutwa kwenye daftari inaanza. Sheria inadai pia barua pepe ya kampuni. Haitangazwi hadharani, lakini ndiyo itakayopokea maonyo, kwa hiyo iwe yako, si ya wakala ambaye kesho huenda hayupo.

Swali la tatu ni mkurugenzi. Angalau mmoja lazima awe binadamu, si kampuni nyingine, mwenye umri wa miaka 16 au zaidi, asiyekuwa amefungiwa ukurugenzi na mahakama wala muflisi ambaye hajaachiliwa. Katibu wa kampuni si lazima kwa kampuni binafsi. Anwani yako ya makazi hupewa msajili lakini hufichwa, na inayoonekana ni anwani ya mawasiliano. Tangu tarehe 18 Novemba 2025 limeongezeka sharti zito zaidi: mkurugenzi mpya lazima athibitishe utambulisho wake kabla kampuni haijasajiliwa. Unaweza kufanya hivyo bure kupitia mfumo wa serikali yao, kwa kusoma pasipoti yenye chipu kwa simu na kupigwa picha ya uso. Pasipoti mpya za kielektroniki za Afrika Mashariki zina chipu hiyo. Mwishoni unapewa msimbo wako binafsi, ambao utautumia kwa kampuni yoyote utakayoiongoza kule. Ukipenda kumtumia wakala, lazima awe ameidhinishwa na Companies House na awe chini ya msimamizi wa Uingereza wa kuzuia utakatishaji fedha. Dalali wa WhatsApp anayeahidi kukuthibitishia bila pasipoti yako kusomwa anakuuzia kosa la jinai.

Swali la nne ni hisa, na la tano ni nani mwenye udhibiti. Taarifa ya mtaji hueleza hisa ngapi, za thamani gani, na zina haki gani za kura na gawio. Mtaji mdogo unaruhusiwa, lakini kumbuka kwamba hisa 100 za pauni 1 ambazo hazijalipwa ni deni lako kwa kampuni. Kisha unamtaja kila mtu mwenye zaidi ya asilimia 25 ya hisa au kura, au mwenye uwezo wa kuteua wengi wa wakurugenzi, au mwenye ushawishi mkubwa kwa njia nyingine. Wasomaji wa Tanzania watalitambua jambo hili kwa jina la mmiliki manufaa linalotumiwa na BRELA. Uingereza ililianza mwaka 2016, na watu hao nao sasa wanatakiwa kuthibitisha utambulisho. Mwisho unatamka kwamba kampuni inaundwa kwa malengo halali na unaambatanisha katiba ya kampuni. Katiba ya mfano iliyomo katika sheria inamtosha mwenye hisa pekee. Mkiwa wawili au zaidi, haitoshi, kwa sababu haielezi mtaachanaje mkikorofishana. Mwandikieni wakili mkiwa bado mnapendana.

Kalenda baada ya hati

Tuchukue kampuni iliyosajiliwa tarehe 10 Machi 2026 na kuanza biashara siku hiyohiyo. Kufikia tarehe 10 Juni 2026 inapaswa kuwa imejitambulisha kwa HMRC, mamlaka ya kodi, kwa sababu muda ni miezi 3 tangu kuanza biashara. Tarehe 9 Machi 2027 unakamilika mwaka wa kwanza wa taarifa, na ndani ya siku 14, yaani kufikia tarehe 23 Machi, unathibitisha kwa msajili kwamba wakurugenzi, wanahisa na anwani ni vilevile au vimebadilika. Ada ya taarifa hiyo mtandaoni ni pauni 50. Mwaka wa hesabu, usipoubadilisha, unaishia mwisho wa mwezi uliosajili, yaani tarehe 31 Machi 2027. Hesabu za kwanza zinatakiwa kwa msajili ndani ya miezi 21 tangu usajili, yaani kufikia tarehe 10 Desemba 2027. Baada ya hapo ni miezi 9 tangu mwaka wa hesabu kuisha, kila mwaka.

Upande wa kodi una mtego mdogo ambao mhasibu wa huko anaujua na wewe hukuambiwa. Kipindi cha kodi ya makampuni hakiruhusiwi kuzidi miezi 12. Hesabu zako za kwanza zinafika siku 22 zaidi ya mwaka, kwa hiyo unawasilisha ritani mbili: moja ya tarehe 10 Machi 2026 hadi 9 Machi 2027, nyingine ya siku 22 zilizobaki. Kodi ya kipindi cha kwanza hulipwa kufikia tarehe 10 Desemba 2027, ya pili kufikia tarehe 1 Januari 2028. Kiwango ni asilimia 19 kwa faida isiyozidi pauni 50,000 na asilimia 25 kwa faida inayozidi pauni 250,000, na katikati kuna nafuu inayopungua kidogokidogo. Lakini mipaka hiyo hugawanywa kwa idadi ya makampuni yaliyo chini ya udhibiti mmoja, hata yaliyo nje ya Uingereza. Kama tayari una kampuni inayofanya biashara Nairobi, mpaka wako wa asilimia 19 umeshuka hadi pauni 25,000. Kodi ya ongezeko la thamani nayo inakuja mauzo yanayotozwa yakipita pauni 90,000 kwa miezi 12.

Ukichelewa, adhabu haisubiri maelezo. Hesabu zilizochelewa hata siku moja huigharimu kampuni binafsi pauni 150. Zikizidi mwezi ni pauni 375, zikizidi miezi 3 ni pauni 750, na zikizidi miezi 6 ni pauni 1,500. Ukichelewa miaka miwili mfululizo, adhabu huongezwa maradufu. Na hii si adhabu ya wenye biashara kubwa. Kampuni isiyofanya chochote, iliyolala tangu kuzaliwa, nayo lazima iwasilishe hesabu na taarifa ya mwaka. Mbali na faini ya kampuni, kushindwa kuwasilisha ni kosa la jinai la mkurugenzi mwenyewe, na anayerudia anaweza kufungiwa ukurugenzi. Pauni 100 za usajili, ukizilinganisha na hayo, ni miongoni mwa fedha ndogo utakazolipa.

Kodi ya nyumbani haikuachi

Wengi husajili ugenini wakidhani faida itakayopatikana huko itakuwa nje ya mkono wa TRA, KRA au URA. Dhana hiyo inavunjwa na sheria zetu wenyewe. Uingereza huihesabu kampuni iliyosajiliwa kwake kuwa mkazi wake wa kodi kwa sababu ya usajili. Kenya na Tanzania nazo huihesabu kampuni kuwa mkazi kama imesajiliwa kwao au kama uongozi na udhibiti wake unafanyika kwao. Ukiwa mkurugenzi pekee, ukaamua bei, ukatia saini mikataba na kuidhinisha malipo ukiwa Arusha, kampuni yako ya “London” ina makazi mawili ya kodi. Kwa sheria ya Tanzania, mkazi hutozwa kodi kwa mapato yake ya dunia nzima, na kiwango cha kawaida cha kampuni kwetu ni asilimia 30.

Hapo mkataba wa kuepuka kutozwa kodi mara mbili ndio unaoleta tofauti. Kenya na Uganda zina mkataba wa aina hiyo na Uingereza, na mkataba hutoa njia ya kuamua nani atoze nini. Tanzania haina mkataba nayo, kwa hiyo mfanyabiashara wa Dar es Salaam anategemea nafuu ya sheria ya ndani kwa kodi aliyokwisha kulipa nje. Hata ukivuka hapo, liko gawio. Uingereza haikati kodi ya zuio kwenye gawio linalokwenda kwa mwanahisa aliye nje, na wengi hulichukulia hilo kama zawadi. Maana yake halisi ni kwamba gawio linafika kwako likiwa bado halijatozwa, na huenda wewe mkazi ukatakiwa kulitangaza nyumbani. Mshauri wa kodi unayemhitaji kwanza, basi, yuko mjini kwako. Muulize pia kuhusu fedha za mtaji. Kenya ilifuta sheria yake ya udhibiti wa fedha za kigeni mwaka 1995, lakini Tanzania bado ina kanuni za mtaji unaovuka mpaka, na benki yako ndiyo itakayokuambia kinachoruhusiwa kabla hujatuma hata pauni moja.

Kile ambacho hati haikupi

Hati ya usajili haikupi akaunti ya benki. Usajili ni suala la msajili. Akaunti ni uamuzi wa benki, na benki ina haki ya kukataa. Itataka kujua fedha zinatoka wapi, wateja ni akina nani, na kwa nini mtu wa Mwanza anahitaji kampuni ya Uingereza. Asili ya mteja pia ina uzito. Tanzania ilikaa katika orodha ya kijivu ya FATF, chombo cha kimataifa cha kupambana na utakatishaji fedha, kuanzia Oktoba 2022 hadi Juni 2025, na Kenya iliingizwa Februari 2024. Nchi ikiwa katika orodha hiyo, wateja wake huchunguzwa zaidi. Hili si tusi kwako, ni utaratibu, na dawa yake ni nyaraka: mikataba, ankara, taarifa za benki na ritani za kodi za nyumbani. Ulizia akaunti kabla ya kusajili. Kampuni isiyo na mahali pa kupokelea fedha ni gharama tupu.

Hati haikupi viza pia. Kumiliki kampuni kwa asilimia 100 hakukupi haki ya kuishi wala kufanya kazi Uingereza. Ukienda kwa viza ya matembezi unaweza kuhudhuria mikutano na kujadili mikataba, lakini huwezi kusimama dukani na kuuza. Viza ya mwanzilishi wa biashara ipo, ila ina masharti yake, na usajili wa kampuni si njia ya mkato ya kuifikia.

Pingamizi tatu

Pingamizi la kwanza husema: nina ndugu London, nitamweka yeye awe mkurugenzi na mimi nibaki nyuma. Sheria imeliona hilo zamani. Mkurugenzi ana wajibu wa kisheria wa kutumia uamuzi wake mwenyewe, uangalifu na uaminifu kwa kampuni. Hakuna mkurugenzi wa jina tu. Ndugu yako atabeba faini na kosa la jinai kwa mambo asiyoyajua. Na wewe hujifichi: kama unamwelekeza naye anafuata, sheria inakutambua kuwa mkurugenzi wa kivulini, na kama hisa ni zako kwa kweli, jina lako linatakiwa katika orodha ya wenye udhibiti. Kutoa taarifa ya uongo kwa msajili ni kosa. Kama ndugu anaijua biashara na ana muda nayo, mweke, mlipe, na mwandikiane. Kama sivyo, usimtie matatani kwa ajili ya anwani.

La pili lina nguvu zaidi: biashara ikikataa, nitaiacha ife yenyewe, watanifuata Tanga kwa pauni 150? Ni kweli kwamba msajili huifuta kampuni iliyonyamaza, na ni kweli kwamba kukusanya faini ndogo ng’ambo ni kazi. Lakini angalia kinachotokea siku ya kufutwa. Chochote kilichobaki kwa jina la kampuni, salio la benki, jina la tovuti, deni ambalo mteja alikuwa hajalipa, kinakuwa mali ya Taji la Uingereza kwa sababu hakina tena mwenyewe. Ukikitaka, uirudishe kwanza kampuni kwenye daftari ndani ya miaka 6, pamoja na kuwasilisha na kulipia kila ulichoruka. Pia jina lako linabaki katika daftari la wazi, na ukifungiwa ukurugenzi, marufuku hiyo inaweza kufika miaka 15. Mwenye benki wa Nairobi anayechunguza ombi lako la mkopo ana intaneti kama mwingine yeyote. Kampuni isiyofanya biashara kwa miezi 3 na isiyo na wadai inaweza kufungwa kwa ombi rahisi la mkurugenzi mwenyewe. Toa mali kwanza, lipa kodi, kisha ombi. Kuzika ni nafuu kuliko kutelekeza.

La tatu ni la haki kabisa: basi unatukatisha tamaa? La. Zipo sababu nzuri za kuwa na kampuni kule. Mnunuzi mkubwa anaweza kugoma kusaini mkataba na kampuni ya nje. Mwekezaji anaweza kutaka hisa chini ya sheria anayoijua. Unaweza kuhitaji ghala na wafanyakazi huko. Pale sababu inapotoka kwa mteja au mwekezaji mwenye jina na oda, masharti yote haya ni gharama halali ya biashara. Lakini kama sababu ni kadi ya biashara yenye neno London, kumbuka kwamba unaweza kuwauzia Waingereza kutoka nyumbani bila kusajili chochote, kama wauzaji wengi wa kahawa, chai na maua wafanyavyo. Na kama unahitaji ofisi kule lakini si mtu mpya wa kisheria, kampuni yako ya nyumbani inaweza kufungua tawi na kulisajili Companies House ndani ya mwezi mmoja tangu kulifungua. Tawi halikupi kinga ya dhima iliyotengwa, na hesabu za kampuni mama huenda zikahitajika, ila biashara inabaki moja.

Utaratibu wa kufuata

Anza na barua au oda ya mteja inayoonyesha kwa nini kampuni ya kule inahitajika. Ukiipata, mwone mshauri wa kodi wa nyumbani na umweleze maamuzi yatafanyikia wapi. Tatu, ulizia akaunti ya benki na orodha ya nyaraka. Nne, tafuta mhasibu wa Uingereza, akupe kwa maandishi bei ya mwaka mzima: taarifa ya mwaka, hesabu, ritani za kodi. Tano, pata anwani inayopokea barua kwa kweli. Sita, thibitisha utambulisho wako mwenyewe kwa pasipoti yako. Usajili wenyewe ni hatua ya saba, na hati ikitoka, andika tarehe zote katika kalenda siku hiyohiyo.

Kisha jumlisha bei za mwaka wa pili: anwani, mhasibu, taarifa ya mwaka, benki, na mshauri wa nyumbani. Linganisha jumla hiyo na faida unayotarajia kwa wateja wa Uingereza peke yao, si kwa biashara yako yote. Faida ikizidi kwa nafasi nzuri hata ukikosa mteja mmoja, sajili. Isipozidi, endelea kuuza ukiwa nyumbani na uirudie hesabu mwakani, kwani daftari la Companies House halifungwi na jina zuri jingine linaweza kubuniwa.